Simu, skana au printa: kliniki ya kupanga meno Mwanza ianzie wapi?

Chumba cha nyuma cha kliniki ya meno huwa na rafu ya meno ya jasi, yaani nakala za meno ya wagonjwa. Taya za juu na za chini, mbili mbili, zimefungwa kwa raba, jina la mgonjwa limeandikwa kwa penseli kwenye kitako. Nyingine zimekatika meno ya mbele. Nyingine jina limefutika na hakuna anayejua ni za nani. Mimi ni mteknolojia wa maabara ya meno. Nyingi za namna hiyo nimezimimina kwa mikono yangu, na kila inayovunjika najua imeondoka na kazi ya saa ngapi. Siku hizi wenye kliniki za hapa Mwanza wakinipigia simu hawaulizi tena habari za jasi. Wanauliza: tununue skana ya kuchukulia umbo la meno mdomoni? Printa ya kulichapa umbo hilo nayo? Au hizi simu tulizo nazo zinatosha kuanzia?

Nawaandikia hao, pamoja na waganga wafawidhi na wahasibu wanaokaa kwenye kikao cha bajeti wakiangalia karatasi ya bei wasiyoielewa. Nitalinganisha njia tatu, na zote nitazipima kwa mgonjwa mmoja.

Mgonjwa huyo ni binti wa miaka 13 anayeishi Nansio, kisiwani Ukerewe. Ana breisi, vyuma vya kupangia meno, juu na chini. Jumanne jioni anatafuna muwa, braketi (kichuma kidogo kinachobandikwa kwenye jino kushika waya) ya jino la chonge inabanduka, ncha ya waya inaanza kumchoma shavuni. Miadi yake iko wiki tano mbele. Kuja Mwanza ni saa tatu na zaidi melini, nauli za watu wawili kwenda na kurudi kwa sababu mtoto hasafiri peke yake, na mama ameacha genge lake bila mtu. Simsemi mtu mmoja. Nawasema wengi niliowaona wakirudi baada ya miezi mitatu, waya umekwisha kuzama kwenye ufizi na meno yamerudi nusu ya njia. Kila mfumo ninaoletewa nauuliza: Jumanne ile jioni, wewe unafanya nini?

Kupanga meno hakufanani na kung'oa wala kuziba. Jino lililotoboka linazibwa leo na mtu anakwenda zake. Breisi humweka mtu kwenye matibabu mwaka mmoja na nusu hadi miwili, wakati mwingine zaidi, jino likisogea kiasi cha milimita moja kwa mwezi, na daktari akimwona kila baada ya wiki nne hadi nane. Jumlisha saa zote anazokaa kwenye kiti cha daktari katika miaka hiyo miwili: hazifiki siku mbili. Muda wote uliobaki matibabu yako nyumbani kwake, yakiendelea au yakiharibika.

Kanda yetu ina jambo jingine. Sehemu za Shinyanga na mikoa ya jirani zina maji ya visima yenye floraidi iliyozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na watoto waliokulia huko wana madoa ya kahawia kwenye meno. Enameli, gamba gumu la nje la jino, ikiwa ya namna hiyo haiipokei asidi ya kuandalia gundi kama enameli ya kawaida, kwa hiyo braketi hubanduka kwa urahisi zaidi. Watoto hao wanakuja Mwanza. Mpango wa kidijitali unaosahau braketi zinazobanduka umepangwa kwa ajili ya mji mwingine.

Safari nazo zimebadilika, lakini si kwa wote. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, na mgonjwa wa Sengerema au Geita hapangi tena foleni ya pantoni pale. Kwake yeye, kuja mjini kila mwezi sasa kunawezekana. Wa Ukerewe bado anategemea meli, au azungukie Bunda kwa kivuko cha Kisorya. Kwa hiyo kabla hujaangalia bei ya mashine yoyote, toa majalada ya mwaka mmoja, yapange kwa mahali wagonjwa wanapotoka, uhesabu waliokosa miadi mara mbili au zaidi. Ni kazi ya siku mbili na daftari. Ukienda kwa muuzaji bila hesabu hiyo, yeye ndiye atakayekuchagulia.

Njia zenyewe, zikiwekwa bega kwa bega:

| | Jalada na simu | Skana, maabara kwingine | Karakana ya ndani |
|---|---|---|---|
| Kinachonunuliwa | Kompyuta, simu ya kliniki, kamera, vioo vya kinywa | Hayo, pamoja na skana na kompyuta yenye nguvu | Hayo yote, pamoja na printa, vya kuoshea na kukaushia, mashine ya kufinyangia plastiki |
| Umeme ukikatika | Simu inaendelea | Kuskani kunasubiri | Kazi iliyo kwenye printa inaharibika |
| Intaneti ikidorora | Picha zinachelewa | Faili kubwa zinakwama | Haiumizi sana |
| Mtu wa kutegemewa | Wa mapokezi | Daktari aliyeizoea skana | Mteknolojia wa kudumu |
| Braketi ikibanduka Nansio | Anajibiwa siku hiyo | Hakuna kinachobadilika | Hakuna kinachobadilika |

Mstari wa mwisho ndio ulionisukuma kuandika.

Jalada na simu

Njia hii haina mashine ya kuonyesha wageni, na vikao vingi huiruka kwa sababu hiyo. Kiini chake ni jalada moja la kila mgonjwa kwenye kompyuta: historia, picha, eksirei, mpango wa matibabu, aina ya waya ulioko mdomoni leo, kilichofanyika, kinachofuata, alicholipa na anachodaiwa. Daktari akiwa likizo, mwenzake alifungue na aelewe bila kumpigia mtu simu. Hospitali ya serikali inayotumia GoT-HOMIS, mfumo wa serikali wa kompyuta wa kuendeshea hospitali, isimsajili mgonjwa upya kwenye programu ya pili. Ichukue namba yake ile ile ya hospitali iitumie kwenye jalada la meno, la sivyo baada ya mwaka kutakuwa na watu wawili wenye jina moja na hakuna anayejua eksirei ni ya yupi.

Kwenye fomu ya historia ongeza swali ambalo programu za kununua nje hazina: je, mtoto aling'olewa meno ya nailoni akiwa mchanga? Wengine huyaita meno ya plastiki. Ni vichipukizi vya chonge za utotoni, vinavyokwanguliwa kwa imani kwamba ndivyo vinavyoleta homa na kuharisha. Kukwangua huko huweza kuharibu hata chonge la kudumu linalojiunda chini yake. Miaka kumi baadaye mtoto analetwa na pengo, au na chonge lililoota kombo, na mzazi hayaunganishi mambo hayo mawili asipoulizwa. Muulizeni kwa heshima. Mama aliyekubali mwanawe afanyiwe hivyo alikuwa akimtafutia nafuu.

Picha za kliniki zipigwe kwa utaratibu mmoja kwa kila mtu: tatu za uso, yaani mbele akiwa ametulia, mbele akicheka, na ubavuni; na tano za kinywa, yaani mbele, kulia, kushoto, taya la juu na taya la chini kwa kutumia kioo. Picha iliyopigwa kiholela leo haiwezi kulinganishwa na ya mwakani.

Halafu simu. Nasema simu ya kliniki, yenye laini ya kliniki, inayobaki kazini jioni mikononi mwa mtu wa zamu. Mzazi mwenye simu janja afundishwe siku ile ile breisi zinapofungwa, kwa vitendo, mlangoni penye mwanga: mtoto asukutue, mzazi avute midomo kwa mipini ya vijiko viwili vya chai, mtu wa pili apige mbele, kulia, kushoto, kisha mtoto akiwa ameachama. Azitume kama faili, kwa maana WhatsApp huibana picha ya kawaida na yale madogo unayoyatafuta hupotea. Mwenye kitochi aandikwe kwenye jalada kwamba ana kitochi, akumbushwe miadi kwa ujumbe wa maneno au apigiwe. Kumtumia kiungo cha kufungua mtandaoni ni kumfukuza kwa upole.

Ujumbe unaoingia hufanana. "Shikamoo daktari. Kichuma kimoja kimetoka na waya unamchoma mtoto. Tuje lini?" Majibu ni matatu tu, na mtu wa mapokezi anaweza kufundishwa kuyapanga kabla daktari hajathibitisha. La kwanza: subirini miadi, bandikeni ile nta tuliyowapa kwenye ncha, mtoto asukutue kwa maji ya chumvi. La pili: nendeni kwa tabibu wa meno wa hospitali ya wilaya akate ncha ya waya. La tatu: njooni. Lile la pili ndilo linalookoa safari nyingi, na ndilo linalotaka maandalizi. Tabibu wa Nansio awe amekubali mapema, awe na koleo la kukatia waya, awe na namba ya kliniki, na ajue ni kitu gani asikiguse. Kumwita Mwanza wiki moja akae na daktari kunagharimu kidogo sana ukilinganisha na mashine yoyote iliyotajwa kwenye jedwali pale juu.

Kwa mtoto aliyefungiwa kipanuzi cha kaakaa, simu ina thamani kubwa zaidi. Mzazi ndiye anayezungusha skrubu nyumbani kwa ufunguo mdogo, na kila robo mzunguko hufungua kiasi cha robo milimita. Akizungusha kinyume, akisahau siku tatu, au akiendelea baada ya kuambiwa basi, kaakaa halimsamehi. Picha moja kila baada ya siku mbili, na idadi ya mizunguko iliyoandikwa pembeni, inamwezesha daktari aliyeko mjini kumzuia kwa wakati. Hapo ndipo huwa naona neno "dijitali" limefanya kazi.

Mipaka yake ijulikane kwa wote. Picha haioni mzizi wa jino, haipimi nguvu ya waya, haithibitishi jinsi magego yanavyokutana. Daktari anayemfutia mgonjwa miadi kwa sababu picha imependeza amekosea, na mgonjwa ndiye atakayelipia kosa hilo.

Njia hii ina hatari mbili ambazo nimeziona kwa macho. Kwanza, niliwahi kuonyeshwa kundi la WhatsApp la kliniki moja lenye sura za watoto, majina yao na madeni ya wazazi wao. Ndani yake walikuwamo wafanyakazi watatu waliokwisha kuacha kazi. Picha ikishapokelewa ihamishiwe kwenye jalada na ifutwe kwenye simu siku hiyo hiyo, na kundi la kazi lisibebe sura ya mgonjwa. Pili, mahali nilipofanya kazi zamani kompyuta moja ilibeba picha zote. Usiku mmoja umeme ulikatika na kurudi kwa nguvu, diski ikaungua, na nakala rudufu haikuwapo. Wagonjwa waliokuwa katikati ya matibabu walibaki bila picha za mwanzo, na daktari hakuwa na kitu cha kuwaonyesha wametoka wapi. Miezi michache kabla yake nilikuwa nimeomba diski ya nje nikaambiwa nisubiri bajeti ijayo. Bado inaniuma.

Skana, na kazi za maabara zifanyike kwingine

Hapa naingia kwenye kazi yangu mwenyewe, kwa hiyo nitakawia.

Alijineti, tunayochukulia kipimo cha meno kwa njia ya zamani, ni unga unaokorogwa kwa maji, unajazwa kwenye trei, na trei inashikiliwa mdomoni kwa dakika chache mpaka ugande. Joto huharakisha kuganda. Mchana wa jua kali maji ya bomba yanatosha kuugandisha kabla trei haijakaa sawa, ndiyo maana tunatumia maji ya frijini. Kipimo kikishatoka mdomoni hakina subira. Kikikauka kinasinyaa, kikilowekwa kinavimba, na jasi lazima limiminwe mapema. Kipimo kilichochukuliwa asubuhi wilayani na kunifikia mjini jioni, hata kikizungushiwa kitambaa kibichi, nakipokea kwa mashaka, na riteina (kifaa cha kuzuia meno yaliyopangwa yasirudi) itakayotoka hapo huenda ikabana upande mmoja na kucheza upande mwingine.

Skana haina shida hiyo. Inapitishwa juu ya meno kama kalamu nene, inapiga picha mfululizo na kuziunganisha kuwa umbo la meno kwenye kioo cha kompyuta. Mtoto anayetaka kutapika akiona trei anaweza kupumzishwa katikati. Ukikosea jino moja unarudia jino hilo. Mate na ulimi vinasumbua, meno lazima yakaushwe, na mkono unahitaji wiki kadhaa kuzoea, lakini kazi ikiisha una faili lisilovunjika likianguka. Kipimo kwa kipimo, skana inashinda, na mimi niliyeishi kwa jasi nakiri hivyo bila kinyongo.

Lakini jiulize unaihitaji kwa kazi gani. Braketi za kawaida daktari huzibandika moja kwa moja kwenye jino. Hazingoji faili lolote. Kliniki inayofunga breisi za chuma tu, yenye wagonjwa wapya wachache kwa mwezi, itatumia skana siku chache na kuilipia siku zote. Inaanza kujilipa pale kunapokuwa na riteina nyingi, vipanuzi, vifaa vya kuvua na kuvaa, au alaina, zile trei angavu za plastiki za kusogezea meno. Inajilipa pia pale bingwa hayupo. Madaktari bingwa wa kupanga meno nchini ni wachache na wengi wao wako Dar es Salaam. Faili la meno, picha nane na eksirei ya ubavu wa kichwa vikimfikia bingwa huko, anaweza kusema ndiyo au hapana kuhusu kung'oa meno manne ya mtoto kabla hayajang'olewa. Kwa kazi hiyo moja naiheshimu skana kuliko kwa nyingine zote. Na hapo pia, angalia mpangilio: bingwa hawezi kusoma kesi isiyo na jalada. Kliniki yenye skana bila jalada humtumia umbo zuri la meno ya mtu asiyejulikana umri wala historia.

Bei ni makumi ya mamilioni ya shilingi, mara nyingi ikitajwa kwa dola, lakini bei ya siku ya kwanza si yote. Nimeona skana nzuri ikifunikwa kitambaa cheupe zaidi ya mwaka mzima kwa sababu ada ya leseni ya programu haikuwa kwenye bajeti ya mwaka wa pili. Muulize muuzaji mbele ya mhasibu: ada ni ya mara moja au ya kila mwaka, na nisipolipa skana inazimika au inaendelea? Vichwa vya skana vinavyoingia mdomoni vinastahimili kuchemshwa kwenye otoklevu mara ngapi, na kipya ni bei gani? Ikiharibika inatengenezwa nchini au inasafirishwa nje, na inakaa huko muda gani? Swali ninaloliona kubwa kuliko hayo ni hili: faili linatoka katika muundo ulio wazi, STL au PLY, ambao maabara yoyote inaweza kuufungua, au limefungiwa kwenye mfumo wa kampuni? STL hubeba umbo peke yake, PLY inaweza kubeba na rangi. Yoyote kati ya hizo inatosha kwa riteina. Mfumo uliofungwa unamaanisha kwamba siku ukiachana na kampuni, wagonjwa wako unawaacha huko.

Kuhusu intaneti: skani ya taya zote mbili huwa makumi ya megabaiti, wakati mwingine hupita mia. Zitumwe usiku, na mtu mmoja awe na jukumu la kuthibitisha asubuhi kwamba zimefika.

Karakana ya ndani

Printa zenyewe siku hizi ni rahisi kuliko skana, na ndipo wengi wanapotekwa. Wanaona bei ya printa, hawaoni kinachoizunguka: resini, yaani plastiki ya majimaji inayochapiwa, yenye tarehe ya mwisho wa matumizi, pombe ya kuoshea, taa ya kukaushia, mashine ya kufinyangia plastiki, hewa ya kutosha, glavu, na umeme usiokatika kwa saa nzima au mbili za kuchapa modeli. Bila betri ya akiba, kukatika kwa dakika mbili kunatosha kukupotezea trei nzima.

Resini isiyokauka huwasha ngozi, na aliyewahi kuathirika anaweza kuathirika kila akiigusa tena. Pombe iliyooshea modeli imebeba resini hiyo. Haimwagwi kwenye sinki. Mji huu tunaujua: maji ya mitaro yanaingia Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani tunakovua sato. Asiye na mpango wa kukusanya na kuteketeza taka hizo asinunue printa.

Faida ipo, siikatai. Mtoto wa Nansio aliyepoteza riteina huchapiwa nyingine kutoka kwenye faili lake la zamani bila kupimwa upya, na kama faili liko vizuri inaweza kutangulia na meli kabla meno hayajaanza kurudi. Lakini hiyo haihitaji kila kliniki iwe na karakana. Kituo kimoja kikubwa kinaweza kuwafanyia wote. Hospitali ya rufaa ya kanda kama Bugando, iliyofunguliwa 1971 na yenye chuo kikuu cha afya pembeni yake, ndiyo aina ya mahali ambapo karakana kama hiyo ingekuwa na wanafunzi wa kujifunza, kazi za kutosha kila wiki na mtu wa kuiangalia akiondoka mwingine. Kliniki ya viti viwili Kirumba inayonunua printa inategemea mteknolojia mmoja. Akihamia Dodoma, karakana imehama naye.

Trei zinazokuja kwa posta

Kuna anayeuliza kwa nini tusiruke yote hayo: mgonjwa ajipime mwenyewe nyumbani, alaina zimfuate kwa posta. Alaina ni kifaa halali kabisa. Kampuni ya Marekani ya Align Technology, iliyoundwa 1997, ndiyo iliyozieneza kwa jina la Invisalign, na zikivaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku chini ya jicho la daktari zinafanya kazi nzuri. Kinachonitia hofu ni kumwondoa daktari. SmileDirectClub, nayo ya Marekani, ilijengwa juu ya wazo la kumhudumia mteja kwa mbali. Septemba 2023 iliomba ulinzi wa mufilisi, na Desemba mwaka huo ikafunga milango ghafla, wateja wakiwa katikati ya matibabu. Kama hayo yaliwapata watu wa nchi yenye mabingwa wengi, sioni sababu ya kuyapima kwa watoto wa visiwani. Siiweki kwenye ulinganisho.

Faili zikae wapi

Kuna wanaotaka seva ndani ya jengo na wanaotaka kila kitu mtandaoni kwenye seva za mbali. Ya ndani inafanya kazi hata intaneti ikizima, lakini moto, mwizi au umeme vinaimaliza kwa usiku mmoja. Ya mbali haiungui na jengo, lakini bando likiisha daktari anakaa mbele ya mgonjwa bila picha. Mimi huchagua zote mbili: kazi ya kila siku ifanyike ndani, nakala iende mbali kila usiku, na ya tatu iwe kwenye diski inayoondoka jengoni kila wiki. Kisha mara moja kwa miezi mitatu jaribu kurudisha jalada moja kutoka kwenye nakala. Nakala isiyojaribiwa sijui niiite nini.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka taarifa za afya kati ya zile nyeti, inaitaka kliniki ijisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inaweka masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Skana nyingi hupeleka faili kwenye seva za kampuni ng'ambo bila kukuuliza mara mbili, kwa hiyo ulizia seva ziko nchi gani kabla ya kusaini. Kwa mtoto, mzazi asaini ridhaa iliyoandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka: picha ni za nini, nani atazitazama, zitatunzwa wapi. Ridhaa ya matibabu haiwi ridhaa ya kubandika sura ya mtoto kwenye tangazo la Instagram. Hiyo iombwe peke yake, na mzazi akikataa asionyeshwe uso wa kuchukizwa. Eksirei ya kidijitali, kama ile ya filamu, bado inataka leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki.

Nani achague nini

Kliniki yenye kiti kimoja au viwili, mabingwa wanaokuja kwa zamu na wagonjwa wengi wa mbali: jalada na simu, mwaka mzima, bila kununua kingine chochote isipokuwa betri ya akiba na diski. Mwisho wa mwaka hesabu tena waliokosa miadi na dharura zilizomalizwa bila safari. Kama mwaka huo umepeleka riteina na vipanuzi maabara kila wiki, hesabu hizo zenyewe zitatetea skana kwenye kikao.

Hospitali ya mkoa yenye daktari wa kudumu wa kupanga meno na wagonjwa wanaorejeshwa kutoka wilayani: skana inafaa mapema zaidi, ila isije kabla ya jalada, na fedha ya leseni ya miaka mitatu itengwe pamoja na bei ya kununulia. Karakana iachwe kwa kituo cha kanda chenye mteknolojia zaidi ya mmoja. Nikiulizwa kuhusu kliniki binafsi ya mjini ambayo wateja wake wakubwa ni watu wazima wanaotaka alaina, hapo skana ndiyo chombo cha kwanza. Wateja hao wanaishi Capri Point na Nyegezi, na meli haiwahusu.

Imebaki ile rafu. Msikubali mtu awauzie huduma ya kuskani modeli zote za jasi za miaka yote. Skanini za walio kwenye matibabu tu. Waliomaliza, pigeni picha ya kila modeli pande tano, andikeni namba ya jalada, mzipakie kwenye boksi kavu. Zile zilizofutika majina, ziwekeni mezani kando ya picha za kinywa zilizoko kwenye kompyuta: chonge lililokaa juu kuliko wenzake, pengo la upande mmoja, jino la mbele lililopindia ndani. Mchana mmoja, kwa njia hiyo, niliwapata wenyewe wa modeli nne, na mmoja wao alikuwa bado anadaiwa kurudi kuchukua riteina yake.